Vigingi Saba vya Esha

Mpimaji wa ardhi alikuja siku ya kumi na mbili baada ya kumzika Mama. Aliegesha gari lake karibu na kituo tunakopeleka majani chai, akapanda kilima kwa miguu na msaidizi wake, na walipofika barazani wakatua mzigo wao pale pale Mama alipozoea kukaa akichambua maharagwe. Ulikuwa mzigo wa vigingi, vimechongwa ncha na kupakwa rangi nyekundu vichwani. Viliangukia simiti kwa kishindo kidogo kikavu, na mimi niliyekuwa nimebeba trei ya chai nikamwaga nusu yake kwenye visahani. Kaka yangu Kariuki aliinuka akanipokea trei. Akaniambia nikae, kwamba sote tumechoka, kwamba msiba hautoki mwilini kwa siku mbili. Nilikaa. Sikumwambia kwamba si Mama peke yake niliyekuwa nikimlilia.

Mama alituachia neno moja tu juu ya mazishi yake. Alitaka azikwe chini kabisa ya shamba, kando ya kijito, pamoja na wajina wake. Mwangi, kitinda mimba wetu, aliuliza wajina gani huyo, kwa kuwa mwaka ule yeye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni na hakumbuki lolote. Kariuki aliangalia pembeni. Tukamzika Mama chini kadiri ardhi ilivyoturuhusu, mahali ambapo wachimba kaburi walilalamika kwamba udongo ni laini na wakaweka mawe kuuzuia. Wajina wake hayuko pale. Mama alilijua hilo kwa miaka zaidi ya thelathini, na kwa miaka yote hiyo hakushuka kule hata siku moja. Chai ya upande wa chini tulichuma sisi, au vibarua, naye alikaa barazani akiulizia tu kama imeiva.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nangoja barua ya chuo cha ualimu ambayo Mama aliahidi kuilipia kwa mavuno ya mwaka huo. Mwezi wa kwanza, Kariuki aliyekuwa askari alirudi kutoka kisiwa cha mchanga huko kaskazini mwa pwani, karibu na mahali nchi inapoishia, ambako alikuwa amewekwa kwa miaka miwili. Alirudi na mke. Tulikuwa tumearifiwa kwa barua, lakini barua haikusema kwamba mke ana mimba ya miezi saba, wala kwamba anaswali, wala kwamba atashuka na katoni moja iliyofungwa kamba na furushi la papa mkavu ambaye harufu yake ilitangulia mlangoni kabla ya watu wenyewe. Mama alimkumbatia, akamwambia karibu nyumbani, akamketisha kwenye kiti chenye kitambaa kipya. Kisha akanifuata jikoni, na kwa Kikuyu akanong'ona kwamba Kariuki alitumwa kulinda bahari, na bahari ndiyo iliyomkamata. Nilicheka mpaka nikaunguza maziwa. Papa aliwekwa stoo ya mbolea na hakuna aliyemla isipokuwa mwenye papa.

Kariuki alikaa majuma mawili akarudi kazini, na Esha akabaki nasi. Aliniita wifi tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa sikuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote, nilijiona nimekuwa mtu mzima. Chumba chake kilipakana na changu, ukuta wa mbao kati yetu, na alfajiri nilimsikia akitia maji kwenye kata kwa ajili ya udhu na kuguna kwa baridi. Baridi yetu ya Kericho ilimtesa sana. Alivaa koti kubwa la kazi la Kariuki juu ya leso mbili, akachuma chai hivyo hivyo, na wachumaji wa jirani wakampa jina la Afande. Aliitikia. Alijifunza upesi kuvunja majani mawili na ncha yake bila kuchukua shina, na kufikia mwezi wa pili kikapu chake kilijaa kabla ya changu, ingawa tumbo lilimzuia kuinama.

Kila mtu alimwuliza swali lile lile, kama mashamba ya chai yakipigwa na upepo hayafanani na bahari. Alijibu kwa adabu kwamba labda, kidogo. Nilipomwuliza mimi, tukiwa tumekaa jikoni tukimenya viazi vya Londiani vya kuponda mukimo, alicheka. Akasema bahari haikai mahali pamoja hivi. Akasema kwao hata nchi haikai mahali pamoja. Hapo ndipo alipoanza kunieleza kisiwa chake, na mwaka mzima hakumaliza. Ni kisiwa chembamba na kirefu, alisema, chembamba kiasi kwamba ukisimama katikati unasikia pande zote mbili. Upande wa nje ni bahari kuu inayopiga, na vilima vya mchanga vilivyoshikwa na mimea inayotambaa. Upande wa ndani ni mikoko na maji yaliyotulia, na ng'ambo yake ndiyo bara. Bara imetulia hivyo, akasema, kwa sababu kisiwa kinapigwa badala yake. Mchanga wake husafiri. Ncha moja huliwa na ncha nyingine huota, kidogo kidogo, na mji wa babu ya babu yake sasa ni mahali watu wanapopita na mashua. Miaka mingine mchanga ukihama, kuta za mawe za watu wa zamani hujitokeza, na vigae vya vyungu, na shanga ambazo watoto huokota na kuzivaa shingoni bila kujua zilivaliwa na nani. Wengi wa watu wake walitoka kaskazini zaidi wakikimbia vita, wakakuta visima vimekwisha kuchimbwa na waliokuwa wamehama kabla yao.

Visima hivyo ndivyo vilivyomgombanisha na Mama kwanza. Esha alikwenda kwenye chemchemi yetu na ndoo ya lita ishirini akarudi na nusu, akapumzika, akarudi tena kuchota nusu nyingine. Mama aliona ni uvivu, au ni mimba, akanung'unika. Mimi niliuliza. Akaeleza kwamba kwao maji matamu ni ya mvua, yamekaa chini ya mchanga juu ya maji ya chumvi, na ukichota kwa pupa chumvi hupanda na kisima huharibika mwaka mzima. Mikono yake ilikuwa imezoea. Nilipomweleza Mama, alisema mtoto aliyelelewa na maji ya namna hiyo hawezi kuwa mharibifu. Kuanzia siku hiyo alimwacha achote anavyotaka.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, msichana, na kwa desturi yetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo akaitwa Wambui, jina la Mama. Sijawahi kumwona Mama vile, kabla wala baada. Alimbeba kutoka chumba kimoja hadi kingine akimwita wajina, akimwamkia, akimwuliza amelalaje na kama ng'ombe wametoa maziwa. Alikuwa mwanamke wa kanisa aliyeogopwa na wazee wa kanisa wenyewe, lakini Esha alipomfunga mtoto uzi mweusi mkononi, Mama aliutazama akasema unampendeza. Walianza kula pamoja jikoni, hao wawili, kutoka sahani moja. Esha alipika wali kwa mchuzi wa maharagwe akilalamika kwamba hakuna nazi, na Mama akaweka maziwa ya lala ndani yake ili kumfurahisha, na chakula kikawa kibaya kabisa, na wote wawili wakakimaliza.

Mwezi wa sita ndio mwezi wetu mbaya. Ukungu unakaa mpaka saa nne, mvua ya mawe inapiga chai ikabaki vijiti, na nguo hazikauki. Wambui alianza kukohoa siku ya Jumanne. Jumatano tulimpeleka hospitali, Ijumaa akafa, akiwa na miezi mitatu na siku chache. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi katika maisha yangu na haijawahi kuwa ndefu zaidi. Esha alimwosha mwenyewe na kumfunga kitambaa cheupe. Mama alikuwa ameagiza sanduku dogo, Esha akaomba mtoto azikwe bila sanduku kama desturi ya kwao, na Mama, mbele ya wazee wote wa kanisa, akasema mtoto ni wa mama yake, afanye atakavyo.

Lakini juu ya mahali pa kaburi hawakusikizana. Esha aliomba mtoto alale juu, karibu na nyumba. Juu kote kulikuwa na chai iliyokomaa, na kung'oa chai iliyokomaa hata mstari mmoja ni jambo ambalo Mama hakuliweza. Chai ile ndiyo iliyotulisha. Akaonyesha chini, ambapo shamba liliishia kwenye ukanda wa vichaka na mianzi na miti mikubwa kando ya kijito. Esha alishuka akauangalia ukanda ule muda mrefu. Akashika mizizi akaivuta. Kisha akasema vizuri, maadamu miti hii ipo. Nilikuwa karibu nikamsikia, na Mama pia alikuwa karibu.

Ukanda ule ulikatwa mwezi wa nane. Ninataka kumtendea Mama haki hapa. Hakufanya kwa ubaya. Miche ya chai ilikuwa imeletwa kwa bei nafuu, ada yangu ya chuo ilikuwa inakuja, na kwa watu kama sisi, tuliohamia hapa kutoka mbali, kipande cha ardhi kisicholimwa ni kipande kinachowaita wengine. Ng'ambo ya kijito aliishi bibi mmoja wa Kikipsigis ambaye sote tulimwita Kogo, maana yake nyanya, aliyekuwa akituletea maziwa ya mursik kwenye kibuyu kila mtu alipozaliwa au kufa kwetu. Alisikia mapanga yakilia akavuka.

"Mama Kariuki, hiyo miti sisi hatukatangi," akasema. "Hiyo ndio inashika shamba yako na yangu."

Mama alimshukuru kwa heshima, akampa chai, na vibarua wakaendelea. Waliacha kaburi na mduara mdogo wa nyasi kulizunguka. Miche ilipandwa mpaka ukingoni kabisa, mistari iliyonyooka, na kusema kweli ilipendeza macho.

Juma lililofuata Esha alichonga vigingi saba kutoka matawi yaliyokatwa na kuniomba nimshikie nyundo. Tulivipigilia kutoka ukingo wa kijito kupanda mpaka kichwani mwa kaburi, hatua moja kati ya kimoja na kingine, na kila kimoja alikitia alama kwa kisu, mkato mmoja, miwili, mpaka saba. Kwao, alinieleza, kila mwaka babu yake hupigilia saba hivyo hivyo kwa kila kaburi lililo karibu na bahari. Zamani mfanyabiashara mmoja alinunua mikoko yao akaikata, na mbuzi wakala mimea ya vilimani, na bahari ikaanza kutembea ndani, wakajifunza kuipima.

"Kwa macho huoni, wifi. Wadhani nchi imekaa," alisema akipangusa udongo magotini. "Vikienda viwili, hatungoji cha tatu. Watu wote hushika majembe, dua inasomwa, maiti wanahamishwa ndani."

Nilimwuliza kama si dhambi kufukua wafu. Akasema dhambi ni kuwaachia maji. Nilikubali. Nilipenda kuwa mtu pekee aliyejua jambo lile, na kila jioni nikirudi na kikapu nilipita pale kuvihesabu, nikamletea habari jikoni: saba, saba, saba. Alikuwa akitabasamu.

Msomaji ambaye hakulelewa katika nchi ya chai huenda asielewe kilichofuata, kwa hiyo nitakieleza. Kwetu kigingi shambani kina maana moja tu. Ni bikoni. Ni mtu kugawa ardhi. Na kugawa ardhi ya mzazi aliye hai ni kumwambia kwamba umechoka kumngoja afe. Jirani mmoja aliyepita njia ya chini akielekea kituo cha majani alimwona Mama siku ya soko, akamwuliza kwa mzaha kama ameanza kuwapimia wavulana sehemu zao, maana ameona mke wa Kariuki akipigilia. Mama alirudi nyumbani moja kwa moja. Alishuka akaviona. Vilikuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka kijitoni, na Kariuki ndiye mwana wa kwanza, na mke wake ni mgeni. Nilijaribu kumwambia ni vya kupima udongo tu, kama kwao. Akaniuliza udongo wa shamba lake unaenda wapi.

"Enda uvitoe vyote uniletee," akasema. "Ananipimia shamba nikiwa hai."

Nilikwenda. Ilikuwa saa kumi jioni, mvua imetoka kunyesha, na nilianza juu kaburini nikishuka. Cha saba kilitoka kwa shida. Cha sita, cha tano, cha nne. Cha tatu nilikigusa tu kikatoka mkononi mwangu, na chini yake niliona ufa ardhini uliotosha kuingiza kiganja changu. Cha pili hakikuwepo. Cha kwanza hakikuwepo. Mahali vilipokuwa palikuwa na miche miwili ya chai iliyoning'inia kwa mizizi, na chini yake maji mekundu. Siku mbili sikuwa nimepita kuhesabu kwa sababu nilikuwa nikishughulikia nguo zangu za chuo. Nilisimama pale na vigingi vitano kifuani. Niliijua kanuni yao. Nilikuwa nimeijua kwa mwezi mzima na kuringa nayo. Nikapanda kilima nikamwambia Mama nimepata vitano tu. Akasema vingine Esha amevificha, akavitupa vyote kwenye rundo la kuni kando ya jiko.

Kariuki alikuwa amefika siku hiyo hiyo kwa likizo ya siku nne. Tulikula githeri mezani, sebuleni, kama tulivyokula akiwepo. Mama hakutaja vigingi. Alikuwa amepanga kuzungumza na mwanawe faraghani. Esha alikuwa amekwenda jikoni kupakua, na aliporudi na sahani ya mwisho uso wake ulikuwa umebadilika. Alikaa. Alimwambia mumewe, kwa sauti ya chini sana, kwamba anaomba ruhusa ya kumhamisha mtoto kesho, ampandishe juu, hata kama ni nyuma ya choo, hata kama ni chini ya dirisha lake. Alisema udongo wa chini unakwenda. Mama aliweka kijiko. Akasema mtoto aliyeombewa hafukuliwi, na kwamba shamba hilo amelilima tangu Kariuki hajazaliwa na halijawahi kwenda popote. Kariuki aliwatazama wote wawili. Alikuwa mtu wa kupenda ushahidi, kazi yake ilimfundisha hivyo. Akanigeukia mimi.

"Nyambura, wewe ndio unashindanga huko chini. Umeona udongo ikisonga?"

Esha alinitazama. Mama alinitazama. Mpaka leo naweza kuchora sahani ile, maua yake ya buluu, punje za mahindi zilizobaki upande mmoja na maharagwe upande mwingine, kwa sababu hapo ndipo nilipoangalia. Kusema nimeona kungekuwa kusema nimeng'oa. Kungekuwa kumwambia Mama mbele ya mwanawe kwamba amekosea, na barua ya chuo ilikuwa imeshafika, iko chini ya Biblia yake.

"Sijaona kitu," nikasema.

Kariuki akasema basi tungoje mpaka Desemba, aje kwa likizo ndefu aangalie mwenyewe. Esha aliinuka akakusanya sahani. Aliziosha zote, akazifuta, akazipanga.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha siku tano. Asubuhi ya sita Kogo alikuwa mlangoni kwetu kabla ya chai, amelowa mpaka kiunoni, akionyesha chini kwa mkono. Tulishuka. Shamba liliishia mahali pasipo pake. Mistari ya miche, mduara wa nyasi, kaburi, vyote vilikuwa vimekatwa kama mtu akatavyo mkate, na chini kijito kilikuwa kimejaa kikipita na matope yetu. Mama alipiga magoti akaita jina lake mwenyewe. Esha alisimama ndani ya koti lile kubwa, mikono mifukoni, akitazama maji, na hakulia. Na mimi nililia kwa sauti kubwa sana, nadhani ili mtu asiniulize kitu. Wana wa Kogo na wajukuu wake walichimba matope pande zote mbili za kijito siku tatu, kwa majembe na kwa mikono, wakateremka mpaka kwenye daraja. Hawakupata hata kitambaa.

Esha aliondoka kabla Kariuki hajaja. Mama alimsihi akae. Nilisikia kupitia ukuta wa mbao, Mama yangu aliyeogopwa na wazee wa kanisa, akisema nisamehe mtoto wangu, nisamehe, kwa Kiswahili chake kibovu. Esha alimwambia amesamehe. Nilimbebea katoni yake mpaka stendi. Ilikuwa nyepesi kuliko ilipokuja. Tulisimama kando kando kwenye baridi, na nilidhani hatasema chochote, na nilishukuru. Gari lilipotokea kwenye kona, akachukua katoni kichwani mwangu akaiweka chini.

"Nilivihesabu kwenye kuni, wifi," akasema. "Vitano. Mezani nilikuwa nakungoja wewe."

Akanishika shavu kwa mkono wake baridi, akapanda.

Nilikwenda chuo. Nikafundisha miaka thelathini, Ndanai, Siongiroi, mwisho hapa karibu na nyumbani, na kila darasa la jiografia lilipofika kwenye mchanga na mawimbi nilimwachia mwalimu mwingine. Kariuki alimfuata mara moja akarudi peke yake. Akaoa tena baadaye, akazaa, na ni baba mwema. Hakuniuliza kamwe. Alidhani maji yalikuja bila kubisha hodi. Miaka kadhaa iliyopita nilikutana na mwalimu aliyehudumu kule pwani, akanisimulia kwamba kijiji kimoja katika kile kisiwa kimehama tena, na kwamba watu walibeba wafu wao kabla ya kubeba mabati na vitanda. Alilisimulia kama ajabu. Niliomba radhi nikaingia msalani.

Mpimaji alimaliza chai yake akaanza kazi. Saa sita alitukusanya chini, sisi ndugu watatu, karibu na udongo mbichi wa Mama, akatandaza ramani yake juu ya jiwe. Akasema kuna tatizo. Shamba kwenye karatasi ni kubwa kuliko shamba analoliona. Upande huu wa chini kuna kipande kinakosekana. Mwangi hakungoja amalize. Alinyosha kidole ng'ambo, ambapo mjukuu wa Kogo alikuwa akikata nyasi ya ng'ombe chini ya miti ya nyanya yake, miti ile ambayo hawakuikata kamwe.

"Hao watu walisogeza bikoni," akasema. "Nilikuwa najua tu. Wametukula pole pole."

Alipaza sauti. Mjukuu wa Kogo aliinua kichwa, panga mkononi, akatutazama. Kwetu hapa, maneno ya namna hiyo yakishasemwa kwa sauti hayarudi tena nyumbani kulala. Tumewahi kuona yanakofika. Mpimaji alimwomba Mwangi atulie. Kisha Kariuki akauliza, kwa sauti yake ile ile ya kupenda ushahidi, kama kuna mtu hapa aliyewahi kuona bikoni ikisogezwa, na akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshinda huku chini.

Nilisema hakuna aliyesogeza kitu. Nilisema ardhi yetu ilikwenda na maji mwaka wa Esha, na watu wa ng'ambo ndio walioitafuta kwa mikono yao siku tatu. Nilitaka kuishia hapo. Mpimaji alikuwa ameshaanza kuandika.

"Na Kariuki," nikasema, "ile siku uliniuliza mezani, nilikuwa nimeona. Mama alinituma kung'oa vigingi vya Esha. Nilipata vitano."

Kariuki alikuwa ameishi kisiwani miaka miwili. Alikuwa amewashikia watu wa huko majembe wakihamisha wafu wao. Nilimwona akiitafuta hesabu ile kichwani, na nikamwona akiipata.

"Tano," akasema.

"Vitano."

Msaidizi wa mpimaji alikuwa amesimama na kigingi cha mwisho, akingoja kuambiwa akipige wapi. Kariuki alikichukua mkononi mwake taratibu. Akalipita kaburi la Mama, akashuka mpaka ukingoni, ndugu yangu mzee mwenye mvi, na akasimama pale akiangalia mbele, juu ya maji, mahali ambapo kaburi la binti yake lilikuwa, akiwa ameshika kigingi kisicho na ardhi ya kupigiliwa.